Picha ndani ya programu za uchoraji: AutoCAD, QCAD, ArchiCAD, SketchUp au QGIS?

Kazi nyingi za uchoraji huku kwetu hazianzi na karatasi nyeupe. Mteja analeta ramani ya nyumba ya baba yake, imekunjwa mara nne na imeingia maji. Fundi wa mageti anatumiwa picha ya geti kwa WhatsApp. Mwenye kiwanja anakuonyesha picha ya setilaiti aliyoizungushia mstari mwekundu kwa kidole. Kabla hujachora chochote, picha hiyo inatakiwa iingie kwenye programu, ikae kwa kipimo chake cha kweli, na isipotee faili likihamia kompyuta nyingine. Hapo ndipo programu zinapoachana njia, na tofauti hizo huzioni kwenye matangazo.

Niseme mapema ninakosimama: jina la programu si la kwanza kuangalia. La kwanza ni kazi utakayoipa picha. Kuna picha ya kukopia juu yake, kuna picha ya kuonyesha mahali, na kuna picha unayotaka igeuke yenyewe kuwa mistari. Programu inayofaa kwa moja inaweza kukutesa kwa nyingine.

Kwanza hakikisha ni picha kweli

Watu hupoteza siku nzima kukopia kitu ambacho hakikuhitaji kukopiwa. Ukipewa PDF, ifungue na uivute karibu sana. Mistari ikibaki mikali, hiyo si picha, ni vekta (mistari halisi, si nukta za rangi) iliyotoka kwenye programu ya uchoraji, na unaweza kuirudisha kuwa mistari. AutoCAD ina amri ya PDFIMPORT tangu toleo la 2017, na AutoCAD LT, toleo lake dogo la bei nafuu, nayo inayo. ArchiCAD inaweza kuipachika PDF kisha kuivunja iwe mistari. Asiye na hizo anaweza kuifungua PDF katika Inkscape, ambayo ni ya bure, na kuitoa kama DXF, aina ya faili ambayo programu nyingi za uchoraji huisoma. Matokeo hayatakuwa safi: maandishi mara nyingi huvunjika kuwa vijistari, na skeli lazima uihakiki. Hata hivyo ni nafuu kuliko kuchora upya.

Mistari ikianza kuonyesha ngazi na vumbi, basi ni skani, na maelezo yanayofuata yanakuhusu.

Hesabu ya skani

Karatasi ya A1 ina milimita 594 kwa 841. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata pikseli takriban 7,016 kwa 9,933, yaani karibu milioni 70. Kwa rangi kamili, kompyuta inabeba karibu megabaiti 209 kila inapoifungua picha hiyo, hata kama JPEG yake kwenye diski inaonekana ndogo. Kwa kijivu ni 70. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni chini ya 9. Mchoro wa wino kwenye karatasi hauhitaji rangi, kwa hiyo mwambie mwenye skana akupe TIFF ya nyeusi na nyeupe. Ushauri huu peke yake huokoa kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa zimezeeka.

Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida ni habari nyingine. Mara nyingi upande wake mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Kwa karatasi ya A1 hiyo ni zaidi ya nusu milimita kwa pikseli moja, na kwa skeli ya 1:100 ni sentimita tano za ukuta. Mwombe mtu aitume kama dokumenti, si kama picha. Na kama ameipiga kwa simu badala ya kuiskani, karatasi imelala upande mmoja mbali na mwingine karibu. Hakuna amri ya kukuza na kupunguza itakayonyoosha hilo. Mtafute mwenye skana.

Kuunganishwa au kumezwa

Hili ndilo swali la kwanza ninalouliza kuhusu programu yoyote: picha inaingia ndani ya faili, au faili linakumbuka tu picha iko wapi?

AutoCAD, LT, QCAD na LibreCAD ziko kundi la pili. Ukitumia IMAGEATTACH, DWG yako, yaani faili la mchoro la AutoCAD, haibebi picha hata kidogo. Inabeba anwani yake. Unampelekea mwenzako faili, anaona kisanduku kitupu kimeandikwa jina la folda iliyo kwenye mashine yako. Dawa ni ndogo: weka picha na mchoro folda moja, chagua anwani ya uhusiano (relative path) badala ya anwani kamili, na wakati wa kutuma tumia ETRANSMIT, ambayo hukusanya kila kitu pamoja. Kwenye QCAD na LibreCAD hiyo kazi unaifanya kwa mkono: bana folda nzima na utume.

Wengine hukwepa usumbufu kwa kunakili picha na kuibandika moja kwa moja kwenye AutoCAD kwa Ctrl+V. Inaonekana imeingia. Kwa kweli imekaa kama kitu cha OLE, teknolojia ya Windows, na programu nyingine au mashine nyingine inaweza isiionyeshe, au ikaichapa vibaya. Kwa nembo ya ofisi kwenye kona ya karatasi, haya. Kwa ramani ya kukopia, sikushauri.

SketchUp na FreeCAD huimeza picha. ArchiCAD inakupa hiari: kwa zana ya Figure picha inaingia ndani, kwa zana ya Drawing unaweza kuiacha imeunganishwa. Kumeza kuna raha yake, faili moja linakwenda popote, lakini picha nne nzito zikishaingia, kila unapohifadhi unakaa unaitazama skrini. Kwa ofisi ya watu wawili au watatu wanaopeana mafaili kutwa, mimi nachagua kuunganisha na nidhamu ya folda. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake na picha moja, kumeza hakuna ubaya.

Kukopia ramani ya nyumba: AutoCAD, LT, QCAD, LibreCAD

Hapa ndipo watu wengi hulipia zaidi ya wanachohitaji.

Kazi yenyewe ina hatua tatu: kuiweka picha, kuipa kipimo, kuifungia isisogee. Programu zote nne zinafanya hivyo. Katika AutoCAD unaita SCALE, unachagua Reference, unabofya ncha mbili za kipimo unachokijua, unaandika urefu wa kweli. Ukitaka kuinyoosha kwa pamoja, ALIGN inaihamisha, inaizungusha na kuikuza kwa nukta mbili tu. LT inafanya vilevile. Kwenye QCAD na LibreCAD njia ya uhakika ni kupima kwanza, kugawanya urefu wa kweli kwa uliopima, kisha kukuza kwa jawabu hilo. Dakika mbili za kikokotoo, basi.

Kinachoamua usahihi si programu, ni kipimo unachochagua kubofya. Tuseme skani ni ya nukta 300 na mchoro ni wa 1:100. Mlango wa sentimita 90 una pikseli 106 tu kwenye picha. Ukikosea pikseli mbili wakati wa kubofya, umekosea karibu asilimia mbili, na nyumba ya mita 15 inatoka na kosa la sentimita 28. Bofya urefu mzima wa nyumba badala ya mlango, kosa lilelile la pikseli mbili linakuwa chini ya sentimita mbili. Kwa hiyo tafuta kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa kwenye ramani, ndicho ukiamini.

Kisha jaribu upande wa pili. Karatasi ya zamani hunyauka na kutanuka, na si kwa kiasi sawa kwa marefu na mapana. Ukikuta urefu umekaa sawa na upana umekataa, hapo ndipo AutoCAD kamili inapojitenga na wenzake. Tangu toleo la 2019, anayelipia AutoCAD kamili anapata pia Raster Design, zana inayoweza kuivuta picha kwa nukta nyingi kama mpira hadi ikae, kufuta vumbi la skani, kunyoosha karatasi iliyokaa mshazari, hata kuifanya kalamu yako inase mistari iliyo ndani ya picha. LT haina hiyo. QCAD na LibreCAD hazina pia. Lakini kama tatizo ni upande mmoja tu, fungua picha katika GIMP, programu ya kuhariri picha, badilisha upana bila kugusa urefu, hifadhi, na urudi ulikotoka. Bure.

Mambo madogo yanayofanya AutoCAD na LT ziwe tamu kutumia: IMAGEADJUST inafifisha picha ili mistari yako ionekane juu yake, IMAGECLIP inakata pembezoni bila kuharibu faili la picha, IMAGEFRAME ukiiweka 2, fremu inaonekana kwenye skrini lakini haichapwi. (Ukiiweka 0, picha inaweza isishikike ukiibofya.) Katika LibreCAD njia isiyo na maswali ni kuififisha picha katika GIMP kabla ya kuiingiza, kisha kuiweka kwenye leya (tabaka) yake na kuifunga leya hiyo.

Tofauti inayouma zaidi haihusu picha bali kinachotoka. LibreCAD inahifadhi DXF tu, na DWG inazisoma kwa kubahatisha. QCAD Professional inasoma na kuandika DWG, ni ya kulipia lakini bei yake ni ndogo. Nakala ya majaribio ya QCAD hufungwa kila baada ya dakika 15 mpaka uianzishe upya. Ukiondoa programu-jalizi za Professional zilizomo ndani yake, inabaki toleo la jamii, la bure na lisilo na saa. LT inakwenda kwa karibu robo ya bei ya AutoCAD kamili, na zote mbili ni za kulipia kwa kipindi, maana Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD mwanzoni mwa 2016. DraftSight, programu nyingine ya uchoraji ambayo wengi walijifunzia, ilikuwa na toleo la bure hadi 2019. Siku hizi halipo, usipoteze muda kulitafuta kwenye tovuti za ajabuajabu.

Ningekuwa naanza ofisi ya kukopia ramani za nyumba, ningenunua QCAD Professional. Ningepokea kazi kutoka kwa wahandisi wanaotuma DWG kila siku, ningelipia LT. AutoCAD kamili ningeilipia siku ambayo rundo la skani zilizopinda limekuwa ndiyo biashara yenyewe, kwa sababu ya Raster Design.

Msanifu majengo: ArchiCAD na SketchUp

Kwa ArchiCAD, inayopendwa na wasanifu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam, kosa la kawaida ni kuibandika skani moja kwa moja kwenye ghorofa. Itakusumbua kwenye kila mwonekano na kila karatasi utakayochapa. Ipachike kwenye Worksheet, ukurasa wa kando ndani ya faili, ipe kipimo chake hapo, kisha iite kwa zana ya Trace chini ya ghorofa unayochora. Inaonekana kama kivuli, unaiwasha na kuizima, unabadilisha rangi yake, na haiingii kamwe kwenye mchoro wa mwisho. Kwa jengo la ghorofa nne lenye skani nne, sijaona programu nyingine hapa inayofanya hili kwa utulivu kama huo.

SketchUp ni nyepesi kujifunza. Ingiza picha, ilaze chini, chukua Tape Measure, bofya ncha mbili, andika urefu wa kweli, nayo itauliza kama unataka kubadilisha kipimo cha kila kitu. Kubali tu ikiwa picha iko peke yake. Kama tayari una jengo kwenye faili, iweke picha ndani ya kundi lake na upime ukiwa ndani ya kundi, la sivyo jengo zima litakua au litasinyaa pamoja nayo. Jua pia kwamba SketchUp huweza kupunguza ukali wa picha kubwa usipowasha mpangilio wa tekscha za ukubwa wa juu. Ramani yenye maandishi madogo itakuja imefifia na utadhani skana ndiyo mbaya.

Ila SketchUp ina kitu kimoja ambacho wenzake hapa hawakifikii: Match Photo. Unachukua picha ya kawaida ya jengo, tuseme nyumba ya Mji Mkongwe ambayo michoro yake haipo, unalaza jozi mbili za mihimili ya rangi juu ya mistari ya dirisha na kuta, na programu inakokotoa kamera ilisimama wapi. Baada ya hapo unachora juu ya picha na mistari inasimama kwa pande tatu. Masharti yake: jengo liwe la pembe mraba, picha iwe imepigwa kwenye kona ili kuta mbili zionekane, na isiwe imekatwa pembezoni, kwa sababu programu inachukulia katikati ya picha ndiyo katikati ya lenzi. Vipimo vyake ni vya kukisia vizuri, si vya kuagizia mbao.

FreeCAD nitaigusa kidogo. Ni ya bure, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na tangu toleo la 0.21 picha unaiingiza kama bapa na kuipa kipimo kwa kubofya nukta mbili. Kwa nyumba naiona nzito. Kwa kipuri cha mashine ya kusaga kilichovunjika, ambacho unataka kukichora upya ukipeleke kwa mchonga vyuma, ndiyo naishauri: kipige picha kikiwa kimelala na rula kando yake kwa urefu uleule, ukiwa umesimama mbali na kuvuta kwa lenzi badala ya kusogea karibu, ili kingo zisitanuke. Kisha kipenyo cha tundu kipime kwa kalipa, usikitoe kwenye picha.

Picha ya ardhi

Hapa programu za uchoraji zote zinashindwa na QGIS, programu ya ramani ambayo si ya uchoraji na ni ya bure. Nasema hivi nikijua kuna wanaopachika picha ya setilaiti kwenye AutoCAD, wakaikuza kwa upana wa barabara, wakachora kiwanja. Usifanye hivyo kwa kazi ya mtu.

Picha ya ardhi haihitaji kipimo tu, inahitaji mahali. Na mahali kwetu kuna mifumo miwili ya koordineti inayoishi pamoja. Ramani nyingi za upimaji za Kenya na Tanzania ziko kwenye Arc 1960, wakati GPS na picha za setilaiti ziko kwenye WGS 84. Nukta ileile, namba zilezile, mfumo tofauti: unasogea takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ndiyo maana bikoni (alama za mpaka) za mtu hujikuta mtaa wa jirani. QGIS inaijua mifumo yote miwili. Kwa pwani ya Tanzania, Arc 1960 kanda ya 37 kusini ya UTM (mfumo wa koordineti kwa mita) ina namba ya utambulisho EPSG 21037, na WGS 84 ya kanda hiyohiyo ni 32737. Zana yake ya Georeferencer inakuwezesha kubofya nukta kadhaa kwenye skani, kuandika koordineti za kila moja, na kuona kosa lililobaki kwa kila nukta. Nukta moja ikiwa na kosa kubwa kuliko wenzake, kuna mtu alisoma tarakimu vibaya.

Ukimaliza unaweza kupata picha pamoja na kifaili cha mistari sita kinachosema pikseli ina ukubwa gani na picha inaanzia wapi. AutoCAD Map 3D na Civil 3D zinakisoma kwa MAPIINSERT na picha inakaa mahali pake yenyewe. AutoCAD ya kawaida inakipuuza. Kwa hiyo, kama unayo hiyo tu, soma koordineti za pembe mbili za picha ndani ya QGIS, kisha uzitumie kwenye ALIGN. Kwenye SketchUp usijaribu kutumia koordineti hizo zilivyo: Dar es Salaam ina zaidi ya mita milioni tisa kwenye namba ya kaskazini katika UTM, na SketchUp ikiwa mbali hivyo na sifuri yake mistari huanza kutetemeka. Punguza namba kwa kiasi kimoja maalumu na ukiandike pembeni.

Hata baada ya yote hayo, picha haikupi mpaka. Chukua mchoro wa mipango miji wa 1:2500: mstari wa kalamu wa nusu milimita una upana wa mita 1.25 ardhini, na pikseli moja ya skani ya nukta 300 ni sentimita 21. Picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, mradi ulioanza 2016 na kupiga picha Unguja na Pemba, zina ukali wa kuonyesha karo la maji taka na ukuta wa ua, lakini hata hizo zinaonyesha ukuta ulipojengwa, si bikoni ilipozikwa. Mpaka unatoka kwenye koordineti za mpima; picha inakusaidia kuona kilichomo ndani.

Kugeuza picha iwe mistari

Wateja hudhani kuna kitufe. Vipo, na kwa ramani ya nyumba sivishauri hata kimoja. Trace Bitmap ya Inkscape, katika hali yake ya kawaida, hufuata kingo za wino, kwa hiyo mstari mmoja uliochorwa unarudi ukiwa miwili, kila upande wa wino mmoja. Tangu Inkscape 1.0 ya mwaka 2020 kuna pia njia ya kufuata katikati ya mstari, ni afadhali, lakini kona hutoka za mviringo na ukuta ulionyooka unarudi na vinundu (nukta zinazoushika mstari) mia. Raster Design hufuata mstari mmoja mmoja huku wewe ukiongoza, na hiyo inavumilika kwa ramani za mikondo ya ardhi. Kuta chora kwa mkono. Fundi mzuri wa michoro anamaliza nyumba ya vyumba vitatu kabla wewe hujamaliza kusafisha vinundu.

Kwa mapambo ya geti au nembo ya kibao, mambo yanageuka, na Inkscape inashinda programu zote za juu. Umbo lililojaa rangi moja ndilo lililo jepesi kwake. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe tupu kwanza, fuata kingo, punguza vinundu, toa DXF. Kama ua lina pande mbili zinazofanana, safisha upande mmoja tu kisha ugeuze nakala yake kama kioo; picha ya simu karibu kila mara imepinda upande mmoja. Kwa mlango wa kuchongwa kwa mashine, ambao una vina na miinuko, mistari haitoshi. Hapo picha ya kijivu hutumika kama ramani ya kina, peupe juu na peusi chini, katika programu kama Carveco, iliyoendeleza ArtCAM baada ya Autodesk kuiacha 2018.

Kabla ya kumpelekea mkataji, ifungue DXF katika QCAD na upime upana wote wa geti. Inkscape inaweza kuitoa kwa kizio kimoja na mashine ikaisoma kwa kingine, milimita zikawa inchi, na bati limeshalipiwa.